Injini Mpya ya DX Yako

Mama mpendwa,

Nakuandikia nikiwa Voi, kwenye benchi nje ya gereji ya fundi Mutua. DX yako, lile gari lako la zamani, iko mbele yangu, boneti wazi. Wiki ijayo tutaitoa injini yake tuweke nyingine, na nimeona uambiwe na mimi.

Iliharibika msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa namrudisha Baba nyumbani kutoka kliniki ya macho, na tulipoanza kupanda kutoka Mwatate kwenda Chawia ikachemka. Nilisimama, nikangoja ipoe, nikaongeza maji kama ulivyonifundisha. Maji hayakukaa. Nilipoiwasha ilitoa moshi mweupe, na nilipochomoa kijiti cha oili nikakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa.

"Ni mbaya?" Baba akauliza.

"Ni mbaya, Baba."

Jirani alituvuta na pikapu yake hadi hapa. Mutua alipofungua alikuta bloku yenyewe, chuma kikuu cha injini, imepasuka. "Mwalimu, siwezi kukudanganya," aliniambia. "Hii imeisha."

Unakumbuka ulipoileta nyumbani mara ya kwanza? Nesi wa dispensari, mwanamke, anaendesha mwenyewe, na mumewe kakaa kando. Watu walimuuliza Baba kama haoni aibu. Akawajibu, "Mimi ni abiria, na sina malalamiko." Nadhani hakuna jibu lake ulilolipenda kama hilo. Ulilirudia hadi kanisani.

Mimi nakumbuka zaidi siku ya Mama Wakesho, jirani yetu wa bondeni. Uchungu ulimkaza na mtoto amekaa vibaya, ukasema lazima afike hospitali. Nilikaa naye nyuma, akiniminya mkono hadi vidole vikafa ganzi. Wewe ulikuwa unamuuliza habari za mahindi yake, huku ukipunguza gia kabla ya kila kona. Halafu, bila kugeuka, ukaniambia, "Usikanyage breki mteremko wote. Zitachoka kabla hatujafika." Mama Wakesho akacheka katikati ya uchungu. "Muuguzi, niache kwanza nizae, ndio umfundishe huyo kuendesha!" Alizaa salama, na mimi nikajua kuendesha gari mlimani kabla sijagusa usukani.

Sasa, hili la injini lilitugawa. Mdogo wangu Mwadime alitaka gari liuzwe kama chuma chakavu, tununue dogo la kisasa. Baba alitaka litengenezwe vilevile lilivyokuwa. Mimi nikasimama katikati. Mutua alinieleza kwamba kuna injini ya kigari cha mizigo, ya ukoo mmoja na yako ila ina nguvu zaidi kidogo, na itakaa palepale bila kuchomelea kitu. Gia boksi inabaki. Klachi itabidi iwe kubwa zaidi, redieta tuweke nyingine inayobeba maji mengi zaidi, na kile chombo cha oili cha chini tuhamishe cha injini yako ya zamani, kwa sababu cha kigari kile kitagonga fremu. Halafu namba ya injini ibadilishwe kwenye logibuku, kile kitabu cha usajili wa gari. Nilipanda Chawia nikamweleza Baba yote hayo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mkitoa injini mmebakisha nini? Mabati."

"Baba, imepasuka."

"Nimesikia. Mamako akifika ile kona ya chini, nilikuwa naisikia, naweka chai motoni. Akiegesha, chai imechemka. Hata wewe ukija nayo, mkono unaenda kwenye sufuria wenyewe. Sasa hiyo ingine nitaijuaje?"

Mama, miaka yote ile nilidhani chai yako ilikuwa tayari kwa bahati tu.

Sikumsukuma. Nilimwomba tu aje aisikie kabla hatujaamua, na leo asubuhi amekuja, amevaa koti la kanisani. Muuzaji wa spea aliyekuwa nayo aliiweka ile injini chini, juu ya matairi mawili, akaunganisha betri na chupa ya petroli, akaiwasha. Ilinguruma, ikatulia. Baba aliinama, mkono nyuma ya sikio. Akaomba izimwe, iwashwe tena. Mwadime alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Sauti yake ni nzito," Baba akasema mwishowe. "Lakini haikohoi. Mamako angeichukua." Kisha akamgeukia Mutua. "Ifungeni. Mimi nitaizoea."

Mwadime naye ameacha habari za chuma chakavu. Yuko chini ya gari sasa hivi, anasugua kutu kwenye fremu.

Nimefurahi, na sitaficha kwamba nina huzuni pia. Nikiitazama hii injini yako, imejaa oili na vumbi jekundu la barabara yetu, naona imefanya kazi ya kutosha. Nawe pia ulifanya, Mama. Hatukukuambia vya kutosha.

Siku ya kuipandisha Chawia, Baba ameshasema atakaa mbele, kushoto kwangu. Najua atakuwa anaisikiliza. Naomba machozi yasinijie kwenye zile kona, maana nitahitaji kuona barabara.

Pumzika kwa amani. Nyumbani wanakula, wanalala, na wanakutaja.

Binti yako wa kwanza