Ufunguo wa Sanduku la Posta

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Nimemwogesha bibi ninayemtunza, nimemlisha uji, nimeanika mashuka. Mvua ikaja, nikaanua. Karatasi yangu ya kura bado. Wenzangu wa chama cha kuzikana wameshapata zao. Sisi tunaofanya kazi Jumapili tunapiga kura kwa posta, ndiyo taratibu. Na jambo lenyewe si dogo: ati mjane atolewe chamani mwaka mmoja baada ya kumzika mume. Deo wangu alizikwa Bukoba Novemba iliyopita, chama ndicho kilichomsafirisha. Nikifa huku ugenini Queensburgh nani atanisafirisha mimi? Nataka kulala kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kando yake.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nusu siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda Sydenham kwa shemeji Projesti, mdogo wake Deo. Ufunguo wa sanduku letu la posta anao yeye tangu msiba. Aliuchukua apokee barua za rambirambi, hakuurudisha. Nilimkuta anakula, nikaulizia barua ya chama. Hata kutafuna hakuacha.

"Ilikuja, shemeji. Nimeshakujazia, nimerudisha. Usihangaike."

Amenijazia! Na amejaza ndiyo. Ati mjane ni wa ukoo, ukoo utamwangalia. Ukoo gani? Hajanijulia hali tangu Pasaka. Nimeondoka, chai yake nimeiacha mezani.

Ijumaa, 9 Oktoba

Hasira. Uji wa bibi umeungua.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimempigia simu katibu, Nestori, yule Mrundi anayetengeneza redio Greyville. Nimeomba karatasi nyingine. Anasema ya pili haitolewi bila barua ya mkubwa wa nyumba. Na kwenye daftari lao, mkubwa wangu tangu Deo afe ni nani? Projesti! Yaani aliyeniibia kura ndiye aniombee nyingine. Nina miaka arobaini na sita. Nimezaa, nimezika. Nimekata simu kabla sijatukana.

Alhamisi, 15 Oktoba

Greyville. Nimeingia dukani kwa Nestori na kadi yangu ya chama mkononi. Namba thelathini na moja, jina langu. Nikamwambia Nestori atoe bahasha namba thelathini na moja. Alisitasita, akatoa. Bado imefungwa, maana zinafunguliwa siku ya kuhesabu. Nje kuna sahihi: V. Deogratias, na mkia mrefu wa kujidai. Sijawahi kusaini hivyo maishani. Mimi huandika Veronika, herufi moja moja, kama masista walivyonifundisha, na ndivyo ilivyo kwenye kadi. Nikaomba kalamu, nikaandika mbele yake. Akatazama kadi, akatazama bahasha.

"Eish, mama. Hii kweli haiko mkono yako."

Akaichana bila kuifungua. Barua ya mkubwa hakuidai tena. Akanipa karatasi mpya nikajaza pale pale, nimesimama katikati ya redio zilizofunguliwa. Hapana. Nikatia kwenye bahasha, nikaandika Veronika juu.

Jumapili, 25 Oktoba

Siku ya kuhesabu. Niko kazini. Nimepiga pasi hata vitambaa visivyohitaji pasi. Saa kumi na moja Nestori akapiga simu. Hoja imeanguka, wajane tunabaki. Nimekaa chini jikoni nikalia. Nimefurahi, lakini roho bado inaniuma. Kwa nini ilibidi nithibitishe kwamba mimi ni mimi?

Alhamisi, 29 Oktoba

Sydenham tena. Sikukaa. Nilinyoosha mkono tu. Projesti alihangaika na lile shada lake la funguo, akauchomoa, akanipa.

Nikashuka mpaka posta ya Greyville. Kitasa kilikuwa kigumu kidogo. Nikafungua mwenyewe. Ndani hamna kitu, vumbi tu. Nimelifuta kwa pindo la khanga, nimefunga, nimerudi kazini kabla bibi hajaamka usingizi wake wa mchana.