Nilimkagua Mdogo Wangu Kama Chumba cha Hoteli

Shangazi mpendwa,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikijisimulia jambo hili naona kama limefanywa na mtu mwingine.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mjane, sina mtoto, na kazi yangu ni msimamizi wa vyumba hotelini, yaani wahudumu wakishamaliza kusafisha mimi ndiye ninayeingia nyuma yao na karatasi yangu na kalamu, naangalia shuka limevutwa sawasawa, taulo zimekunjwa, kioo hakina alama za vidole, balbu zote zinawaka, chini ya kitanda hakuna soksi ya mtu, kila kilicho sawa nakitia tiki, na mwisho kabisa pana mstari unaosema "Chumba tayari kwa mgeni", nikishautia tiki huo napiga simu mapokezi na mlango unafungwa. Kazi hii naipenda, sikufichi, na wahudumu wananiita Darubini kwa sababu unywele mmoja kwenye sinki nauona nikiwa bado koridoni.

Mume wangu alipofariki nilichanganyikiwa, Shangazi, nikawa nabandika chai nasahau mpaka sufuria inaungua, natoka nyumbani bomba linamwagika, siku nyingine nafika kazini ndipo nagundua sijatia kitu mdomoni tangu jana yake, basi nikaona nijitibu kwa dawa ninayoijua, nikabandika orodha nyuma ya mlango wa jikoni: zima jiko, funga bomba, kula, oga, funga mlango. Ndiyo, niliandika "kula", kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza kama nimekula. Ile karatasi ilinirudishia akili, na nikaona kama moja imenisaidia hivi, si niongeze nyingine, nikabandika ya bafuni, ya sebuleni, ya chumbani, mpaka ikafika mahali kitanda changu nikishakitandika kihoteli naona uchungu kukivuruga, nikawa nalala kwenye kochi. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekuwa anakuja.

Halafu akaja mdogo wangu. Huyu ndiye kitindamimba wetu, tulimwita Chiriku tangu mdogo kwa vile mdomo wake haupumziki, na mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo ni mdogo wangu na ni mwanangu. Alifika na sanduku na mimba kubwa, akasema ameachana na mume wake, akaomba akae kwangu mpaka ajifungue. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana mwenzangu analia na mimi moyoni nashangilia kwamba nyumba itapata mtu. Nikampa chumba cha mbele, nikakitandika mwenyewe, na nyuma ya mlango wake nikabandika karatasi.

Sasa Chiriku ni mtu wa kuacha vitu vyake kila anapopita, kitana kwenye sinki, kandambili koridoni, kikombe juu ya friji, na soksi ndogondogo alizokuwa anamfumia mtoto zimezagaa na sindano zake kwenye kochi, lile lile ninalolalia. Sikumgombeza hata siku moja, naapa, mimi nilikuwa napita tu nyuma yake narekebisha, akitoka bafuni naingia nafuta, akiinuka kwenda chooni akirudi anakuta kitanda kimeshatandikwa, naye anacheka, "Dada jamani, sijamaliza kulala!" Baadaye akaacha kucheka. Akawa anajifungia chumbani, na mimi nikasema ni uchovu wa mimba, kumbe.

Siku yenyewe alikwenda kliniki. Kule hotelini mgeni akiondoka akaacha vitu vyake tunavikusanya kwenye mfuko, tunaandika juu yake "Vilivyosahaulika", tarehe na chumba, kisha unawekwa mlangoni ili uende stoo, na mimi mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza, nikaokota kitana, nikaokota kandambili, nikaokota zile soksi za mtoto na sindano, nikatia vyote mfukoni, nikaandika kama nilivyozoea, hata "chumba cha mbele" niliandika, nikauweka mlangoni nikiamini nimemrahisishia, nikaingia jikoni kumpikia.

Nikasikia mlango umefunguliwa. Nikatoka nikamkuta amesimama ameushika ule mfuko anausoma.

"Dada," akaniuliza, "kwani mimi nimeshaondoka?"

"Hapana mdogo wangu, nilikuwa napanga tu."

"Si ungeniambia nipange mwenyewe."

"Umechoka. Sikutaka kukusumbua."

"Kwa mume wangu nilikuwa nasumbua," akasema, "na kwako nasumbua. Basi."

Akachukua sanduku, akaenda kwa rafiki yake fundi cherehani, ambaye analala kwenye chumba kilichopo nyuma ya duka lake la kushonea. Na mimi, Shangazi, sikumkimbilia. Unajua nilifanya nini? Niliingia chumbani kwake nikavua shuka, nikafagia, nikafuta kioo, na nilipokuja kushtuka nimeshika kalamu na nimefika kwenye ule mstari wa mwisho. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni nikalia mpaka nikaishiwa nguvu.

Sasa nyumba inang'aa na ninachosikia humu ndani ni friji peke yake. Nimepiga simu, hapokei, nikampigia fundi akaniambia kwa adabu kwamba mdogo wangu hataki kuongea kwa sasa. Siku zake zimekaribia sana na mimi ndiye ndugu pekee aliyebaki naye, naogopa atajifungua akiwa na watu baki huku mimi nimekaa na nyumba safi. Nimefikiria kumtumia vitu vya mtoto, nimeshavifua na kuvipanga, au nimwandikie barua, au nimwache hasira zipoe. Na hizi orodha nikizichana, Shangazi, nani atanihakikishia sitarudi kule kwenye sufuria za kuungua? Nifanyeje?

Ni mimi, Darubini

*

Darubini wangu,

Umeniomba nisicheke na nimeshindwa hapo kwenye kitanda kinachotandikwa mtu akiwa chooni. Nilipofika kwenye mfuko nikaacha.

Nianze na ile karatasi ya jikoni. Iache hapo hapo. Mtu aliyefiwa akajiandikia "kula" ili asife njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe hana haja ya kumwomba radhi yeyote. Pole sana, mwanangu. Ulikuwa unazama na ukajiokoa kwa kitu kilichokuwa karibu, na usikubali mtu akuambie umechanganyikiwa kwa ajili hiyo. Jiko halina moyo, bomba halina moyo, viandikie orodha hadi kiama.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Barua yako nimeirudia kuisoma nikitafuta jambo moja tu. Umenieleza balbu, umenieleza vioo, kitana najua kilikuwa wapi na kikombe kilikuwa juu ya nini. Je, mdogo wako aliachana na mume wake kwa sababu gani? Hujaniambia, na nina wasiwasi hujaniambia kwa kuwa hujui, na hujui kwa kuwa hukuuliza. Mtu anayeitwa Chiriku amenyamaza ndani ya nyumba yako, na wewe mwenye macho ya kuona unywele tokea koridoni ukasema ni uchovu! Alikuja kwako ameshaambiwa na mume kwamba ni kero. Hayo alikutamkia mwenyewe pale mlangoni, kwa maneno machache, na wewe ukaenda kuvua shuka.

Sisemi hivi kukuumiza. Najua ulikuwa unampenda kwa kila kitambaa ulichofutia. Lakini hotelini sifa ya kazi yako ni kwamba mgeni asikuone kabisa, aingie akute kila kitu kimejiweka chenyewe. Umeishi peke yako muda mrefu, ukaanza kudhani kupenda nako ni hivyo hivyo, kupita nyuma ya mtu kimyakimya. Mdogo wako hakutafuta chumba. Alimtafuta dada yake akae naye, amwone uso, amsumbue na asumbuliwe. Wewe mwenyewe ulifurahi mpaka ukaona aibu, halafu furaha yote hiyo ukamficha. Ulimwambia lini kwamba umefurahi amekuja? Basi alijuaje?

Kwa hiyo sikiliza. Barua usiandike, simu usipige tena, na yule fundi muonee huruma, usimfanye mjumbe. Hayo mambo ya kungoja hasira zipoe nayo yasahau, mimba haingoji. Kesho ukitoka kazini usipitie nyumbani kwanza, maana nakujua, ukiingia utaona vumbi mahali na safari itaishia hapo. Nenda moja kwa moja. Vile vitu vya mtoto ulivyovipanga viache kabatini. Ukifika navyo atadhani umekuja kukamilisha kazi.

Kwa fundi utakuta nyuzi na vipande vya vitambaa vimejaa sakafuni. Kaa juu yake ikibidi, ila mikono yako ibaki mapajani. Mwambie mdogo wako hivi, au kwa maneno yako: ule mfuko ulikuwa ujinga wangu, sikukufukuza, nilifurahi ulipokuja na sikukuambia, nakuhitaji nyumbani. Hilo "nakuhitaji" usilimeze, najua litakukwama kooni. Kisha muulize yaliyomsibu kwa mumewe, na ukishauliza, Darubini, nyamaza. Akilia usimfute machozi haraka haraka kama maji ya sinki. Akirudia kisa kile kile mara kumi, sikiliza mara kumi, hiyo ndiyo dawa yake na nahisi ni yako pia.

Akikataa kurudi, usibishane naye. Muulize kama unaweza kuja tena keshokutwa, halafu kweli uje. Muombe awe anakuruhusu umsindikize kliniki, na siku ya uchungu wakuite hata kama bado amekununia. Mtu anaweza kununa na bado akataka kushikwa mkono.

Akikubali, kabla hajaingia bandua ile karatasi ya nyuma ya mlango wake, na ya sebuleni, na ya chumbani kwako. Ya bafuni tuifikirie baadaye, sitaki kukuua. Kikombe kikae juu ya friji mpaka mwenyewe akitoe, na kama kinakuwasha macho, mwambie kwa mdomo, "Mdogo wangu, kikombe hicho!" Mgombezane kidogo. Watu wanaoishi pamoja hugombana kwa vikombe na maisha yanaendelea. Na ujiandae, kwa sababu mtoto mchanga hana adabu hata chembe, atacheua kwenye kila shuka ulilonalo na hutakuwa na muda wa kushika kalamu. Wewe lala kitandani kwako kuanzia leo. Mgongo wa mtu atakayebeba mtoto hauwezi kukaa kwenye kochi.

Umeniuliza nani atakuhakikishia hutarudi kwenye sufuria za kuungua. Hakuna. Zitaungua moja mbili, kama zinavyoungua kwa watu wote wenye mtu wa kuongea naye.

Na inawezekana kesho ukifika usimkute, au fundi akakuambia amelala. Usiache salamu ukaondoka. Keti kwenye benchi la wateja, usubiri, hata wakuangalie vipi. Atakapotokea atakuuliza umefuata nini, na najua ulimi wako utatafuta kisingizio, utataka kusema ulikuwa unapita tu. Usithubutu. Mwambie umemfuata yeye.

Shangazi