Macho ya Wifi Yako

Dada yangu mkubwa, mtoto wa mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa tumepishana kidogo sana na siku hizi watu wakituona pamoja wananiamkia mimi kwanza. Magoti yanasemaje? Na usingizi? Natumaini barua hii inakukuta umeketi mahali penye mwanga, umevaa miwani yako mwenyewe na si ile ya jirani. Huku sisi wazima, isipokuwa mimi situlii. Daktari amenipima kila kinachopimika, akasema mwili hauna neno. Nikamwuliza, kama hauna neno, mbona haukubali kukaa kwenye kiti. Akaita mgonjwa mwingine.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe na simu mnajuana. Nikianza tu kusema jambo la maana, unasema mboga inaungua, unakata. Barua huwezi kuikata katikati bila mkasi. Basi isome yote. Ukikasirika, inuka, kanywe maji, urudi.

Tangu wifi yako atutoke, nyumba hii imekuwa kubwa kuliko tulivyoijenga. Naingia chumbani, nasahau nilichofuata, natoka. Naingia jikoni, nafungua kabati, nafunga. Mtu aliyeendesha lori maisha yake yote ukimwambia apumzike nyumbani, unamwua kwa heshima. Binti yangu alichoka kuniona nikizunguka. Akaniambia, baba, tafuta kitu cha kufanya kabla sakafu haijatoboka. Nadhani alitegemea nifuge kuku. Mimi nikaenda kujiandikisha shule ya kuhariri filamu.

Usicheke bado. Mahali pa kucheka papo mbele.

Shule yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba, kwa hiyo elimu yetu inanuka rangi mbichi. Madirisha yamezibwa kwa pazia jeusi, mashine zinavuma kama mzinga wa nyuki, na vijana wamekaa wameziba masikio kwa vidude, kila mmoja anacheka au ananuna peke yake. Siku ya kwanza walisimama wote, wakidhani mimi ni mkaguzi. Mwalimu aliniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikamjibu kwamba la sita nililimaliza nikiwa ndani, la saba nikalichungulia dirishani. Akacheka, akanipa kiti.

Mwalimu huyu tunamwita Kata Tena, maana hilo ndilo neno lake. Unamwonyesha kazi uliyoihangaikia wiki nzima, anakuna shingo, anasema kata tena. Kwa umri angekuwa kitinda mimba wangu, ila ukali wake ni wa mama mkwe. Jirani yangu wa mezani ni binti mmoja wanayemwita Miwani. Ndiye aliyenifundisha kushika kile kipanya cha kompyuta, kwa kuwa mimi nilikuwa nakikamata kama kinachotaka kunikimbia. Akiudhika nami ananiita babu. Nikimletea karanga ananiita mwanafunzi mwenzangu.

Nikueleze kazi ilivyo, maana najua unadhani filamu inatoka kwenye kamera kama yai linavyotoka kwa kuku. Sivyo. Kamera inaleta vipande tu, vingi, virefu, vya kuchosha: watu wanakuna pua, wanasubiri, wanaulizana kama mashine imewaka. Mhariri anavitandaza kwenye kompyuta, anakata hapa, anaunga pale, mpaka mtazamaji asahau kwamba kuna mtu aliyekata. Mimi nililielewa kwa gia. Dereva mbaya akibadilisha gia, abiria wote wanaitikia kwa vichwa. Dereva mzuri anabadilisha na bibi aliyelala kiti cha nyuma anaendelea kukoroma. Nilimweleza Kata Tena hivyo, akasema ni mfano mzuri sana. Kisha akaitazama kazi yangu, akasema abiria wangu wote wamevunjika shingo.

Hakunionea. Katika zoezi la kwanza mtu anafungua mlango, anaingia, anaketi, anakunywa chai. Mtu wangu alifungua mlango mara mbili bila kuufunga, akaketi kabla hajaingia, na kikombe kikawa kitupu, kikajaa, kikawa kitupu tena wala hakuna aliyekigusa. Darasa zima liliomba niwaonyeshe upya, na si kwa kupenda elimu.

Tukafundishwa pia kwamba sauti si lazima ingoje picha yake. Mtazamaji akisikia hodi kabla hajaonyeshwa mlango, anautafuta mwenyewe kwa macho, na ukimwonyesha sasa anaona kama amefika kwake. Hilo nililishika mara moja. Wewe ndivyo ulivyo, dada. Tunakusikia kabla hujakata kona.

Halafu likaja somo lililoniharibu. Kata Tena alimrekodi mlinzi wa jengo letu, uso tu, akiwa amemwambia aangalie ukuta na asiwaze chochote, kazi ambayo mlinzi aliifanya bila shida. Akauunga uso ule na sahani ya chakula. Tukasema mlinzi ana njaa. Akauunga uso uleule na mbwa mkubwa. Tukasema anaogopa. Akauunga na mama muuza chai wa pale chini. Tukasema maskini, kumbe anampenda. Na uso ni mmoja, haukuhama hata kope. Njaa, hofu na mapenzi tulimpa sisi. Habari zikamfikia mama muuza chai, na tangu siku hiyo anampimia mlinzi kikombe pungufu ili asizoee, naye mlinzi anaapa kwa kila mtu kwamba alikuwa anaangalia ukuta.

Nilicheka na wenzangu. Lakini nikirudi nyumbani nilipitiliza kituo changu cha kushukia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuiwaza video ya harusi ya mjukuu wetu.

Unaikumbuka kamera iliyokuwa inazunguka ukumbini. Mpiga picha alitukabidhi kila alichochukua, hata makosa yake, na vyote viko kwangu. Wifi yako yumo. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumla, gauni limemzidi mabega, lakini ameketi wima kama aliyekatazwa kuegemea. Na wewe umo. Mmekaa ncha mbili za meza moja kama makufuli mawili ya lango moja.

Sitafukua mengi, ila moja lazima nilitaje. Siku tuliyomzika mama ulisema mbele ya watu kwamba wifi yako ana macho makavu, mkwe gani huyu asiyejua kulia hata kwa kujifanya. Hakukujibu. Hakukujibu siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake. Mimi nilijua alikolilia. Alilia jikoni, ameinamia sufuria ya maji yanayochemka, ili mvuke ubebe lawama. Nilikwambia, ukasema mwanamume hatakiwi kumtetea mkewe kwa habari za sufuria. Nikamsihi yeye akupigie, akasema lililosemwa hadharani lirudi hadharani. Basi mkaendelea hivyo, mnaulizana hali kupitia kwangu kama mimi ndiye posta, mpaka mmoja wenu akaondoka.

Kazi yetu ya kumaliza masomo ilikuwa filamu fupi juu ya mtu wa nyumbani. Nikachukua harusi ile. Nilikaa nayo siku nyingi kuliko nilivyowahi kukaa na kitu chochote kisicho na usukani. Nakata, nainuka, nazunguka meza, Miwani ananivuta shati nikae, nakata tena. Ikatoka hivi. Wifi yako ameketi peke yake, anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua. Kicheko kinasikika kutoka mahali tusipopaona, kile chako cha kupiga paja. Anageuza kichwa taratibu. Anatazama. Uso unafunguka, anatabasamu kama mtu aliyeletewa kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Ndipo tunakuona wewe, unacheka mpaka unajifuta machozi. Kisha yeye tena. Imekwisha.

Miwani alivua vidude vya masikioni akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi. Kata Tena alikuna shingo, nami nikangoja neno lake. Hakulisema. Alisema, mzee, usiguse tena.

Ingeishia hapo ingekuwa shule tu. Lakini binti yangu aliniomba aione, na mimi, kwa kiburi cha mwanafunzi aliyesifiwa, nikamwonyesha. Alipomaliza aliniuliza kwa sauti ndogo kama mama yake na shangazi walipatana. Dada, nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikamjibu, si umeona mwenyewe.

Akakaa sakafuni akalia mpaka nikamletea mto. Yeye ndiye aliyemwuguza mama yake, unajua, na muda wote huu alikuwa amebeba moyoni kwamba mama aliondoka na kinyongo. Tangu siku hiyo analala. Amenenepa hata mashavu. Na filamu akaituma kwa ukoo mzima, isipokuwa kwako, maana simu yako haifungui vitu hivyo na anataka uione kwa mshangao siku ya kumbukumbu ya mama yake. Ndiyo sababu unapigiwa na watu wanaokupongeza bila kukueleza wanakupongezea nini. Najua umeshaanza kuwajibu vibaya. Waache, hawana kosa.

Siku hiyo ya kumkumbuka marehemu tutakutana wote hapa kwangu. Wametafuta mashine ya kuirusha picha ukutani. Ikishaonyeshwa, wewe ndiye utakayesimama useme mlivyopatana. Binti yangu ameshachagua kiti chako, cha mbele kabisa, na siku hizi akikutaja hasemi tena shangazi, anasema mama.

Unaona sasa kwa nini situlii. Nimerudi kwenye vile vipande vya asili, nikavipitia vyote upya kuanzia mwanzo, nikitafuta hata kitu kidogo cha kweli cha kuniokoa: mmepeana glasi, mmegusana viwiko, mmoja amemwangalia mwenzake alipogeuka. Hakuna. Mlipishana mlangoni mara moja, na kila mmoja akaitazama simu yake ambayo haikuwa imeita.

Kwa hiyo ngoja nikwambie mlikuwa mnaangalia nini, kwa sababu mimi ndiye ninayejua peke yangu. Wewe ulikuwa unanicheka mimi. Nilikuwa nacheza muziki na vijana, kiatu kikanitoka kikaenda chini ya meza ya maharusi, nami nikaendelea na mguu mmoja kama sijui. Huo ndio mcheko wako, na machozi yale ni ya hapo. Yeye, ilikuwa baadaye. Nilikuwa nimesimama mlangoni, gari limeshafika la kumrudisha akapumzike, nikamwita kwa lile jina nililokuwa namwita tukiwa wawili, ambalo sitaliandika hata kwako. Katika kipande cha asili sauti yangu inasikika vizuri kabisa. Akageuka. Akanitazama hivyo ulivyosoma hapo juu.

Hakuna video nyingine anayonitazama hivyo, dada. Nimetafuta. Na ile moja niliyo nayo niliondoa sauti yangu nikaweka kicheko chako mahali pake. Nyote wawili mlikuwa mnaniangalia mimi. Nilichofanya ni kujitoa katikati, mkabaki mnaangaliana.

Sasa uamuzi ni wako. Ukitaka ibaki, njoo, keti pale mbele, na utakapoitwa simama useme litakalokujia. Sitakukanusha kwa neno wala kwa kikohozi, na macho yale yatakuwa yako tangu siku hiyo, sitadai nirudishiwe. Ukikataa, nitasimama mimi kabla taa hazijazimwa. Nitamwambia binti yangu nilivyofanya, nami nitakuwa nimeirudisha sauti yangu mahali pake, wasikie mama yake alikuwa anaitwa na nani. Kulala kwake kutaharibika, wala sijui kutatengenezwa na nini. Lakini usinyamaze. Kunyamaza kwenu ndiko kulikonifikisha huku.

Wala usiniulize mimi nataka lipi. Nimelitazama lile geuko la shingo yake bila sauti yangu mara nyingi mno, mpaka juzi asubuhi niliamini kweli kwamba amekugeukia wewe. Nikakuonea wivu, nikazima mashine, nikatoka kutembea.

Nifikishie salamu kwa majirani zako wote, hata yule mliyenuniana naye, umwambie nimemkumbuka mimi kwa niaba yako. Binti yangu anakusalimu sana. Yuko jikoni, anaimba, na hajui ninaandika nini. Kunywa dawa zako. Ukishafikiri, nipigie. Safari hii ongea wewe, mimi nitakuwa kimya upande huu mpaka umalize.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa zamani, mwanafunzi mwenye mvi nyingi kuliko mwalimu