Kliniki ya Dukani

Jumanne, 8 Septemba 2015. Buffalo.

Wagonjwa kumi na tisa. Chakula cha mchana nimekula nimesimama, ndizi moja na chai iliyopoa. Mama Speransi amekuja tena. Presha mia na sabini na nane. Mwezi wa nne huu haishuki. Tumeamkiana taratibu, maana wagonjwa wangu Warundi hawana haraka na salamu: habari za nyumbani, nzuri, za kazi, nzuri, naye akaniuliza, baba watoto hajambo, hajambo. Nikamuuliza, dawa unakunywa? Nakunywa, mwanangu. Nikamwongezea kipimo cha dawa. Mara ya pili sasa. Huyu mama akipatwa na kiharusi mikononi mwangu sijui nitauficha wapi uso.

Binti yangu Wakesho nimemchukua kwa jirani saa moja jioni. Nimemkuta amelala kwenye kochi na viatu.

Alhamisi, 10 Septemba.

Barua ya kazi imefika. Kliniki ndogo ndani ya duka la dawa, Hilliard, Ohio, dakika kumi na mbili kutoka anapokaa Baba Wakesho. Watu wanaingia bila miadi: koo, masikio, upele, chanjo. Nesi ni mmoja tu, anapima na kuandika dawa mwenyewe, kama ninavyofanya hapa. Siku tatu kwa wiki, siku ndefu, lakini ni tatu. Leseni ya Ohio ninayo bado, nilisomea Columbus. Wanataka kwanza niende Louisville siku moja nione kazi inavyofanywa.

Nimeisoma mara tatu bafuni. Mbona bafuni? Naona aibu, basi. Nimewaambia wenzangu mara ngapi kwamba hizo ni kazi za nesi aliyechoka. Kumbe nesi aliyechoka ni mimi.

Miaka miwili tangu ghala alilofanyia kazi Baba Wakesho lifungwe hapa akaenda kutafuta Columbus. Tulisema miezi sita. Mtoto alikuwa hana meno ya mbele.

Ijumaa, 18 Septemba. Louisville.

Nilitaka kuichukia. Nimeshindwa. Chumba safi, kidogo, kati ya rafu za shampuu na kadi za siku ya kuzaliwa. Mgonjwa anajiandikisha kwenye skrini mlangoni, anabonyeza kinachomsumbua, anakaa. Dakika ishirini kila mmoja. Nesi anayenionyesha kazi, mama wa watu, mpole, anafanya yote peke yake mpaka kufuta meza. Mwenye presha anaandikiwa rufaa aende kwa daktari wake. Yeye habaki naye mwezi baada ya mwezi. Saa sita mchana alikaa chini akala kwa uma. Nilimtazama kama naangalia sinema.

Hakuna aliyesalimiwa zaidi ya neno moja. Na sikuzitamani salamu sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Baba Wakesho amepiga simu. Hakuuliza nimeamua nini. Ameuliza tu kama nimekula. Nampenda huyu mtu, na nimechoka kumpenda kwa simu.

Jumatano, 23 Septemba. Buffalo.

Mama Speransi ameanguka kazini, Tonawanda, pale kiwandani wanapofua mashuka ya hoteli. Wamemkimbiza hospitali. Presha themanini na mbili. Imeshuka, haikupanda. Nilipopigiwa nilidhani wamekosea mgonjwa.

Hajavunjika. Nyuzi nne kwenye paji la uso. Kipimo kile niliandika mimi, kwa mkono wangu. Nimekaa garini nikalia, kisha nikaenda kumchukua mtoto.

Jumapili, 27 Septemba.

Nimeenda kwake baada ya kanisa, na Wakesho. Ana bendeji usoni na bado ametupikia maharagwe na ndizi. Nilikuja kuomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo, ameingia chumbani akarudi na bahasha. Ndani vidonge, vimefungwa kwenye vipande vya karatasi, kumi kumi.

Dada yake alikimbia Burundi mwezi wa tano, yuko kambini Kigoma. Naye ana presha. Basi Mama alikuwa anakunywa nusu, nusu anaweka, na kila mtu wa kanisani akisafiri anapewa kifurushi. Wiki iliyopita dada akapiga simu: zahanati ya kambi imeanza kumpa dawa, asitume tena. Mama akafurahi. Akaanza kunywa kipimo chote, kile ambacho mimi nilikuwa nimekiongeza mara mbili.

Damu moja, dawa moja, ndivyo alivyosema. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Kwa upole kabisa akanijibu kwamba sikuwahi kuuliza anakunywa na nani. Hasira imenipanda, nikaimeza na chai. Alikuwa na haki. Nilipokuwa namuuliza kuhusu dawa, niliuliza katikati ya salamu, na salamu hujibiwa nzuri.

Halafu Wakesho akauliza, kwa Kiingereza chake, kama tunaweza kumwekea baba hizi ndizi akija. Mama anaelewa kuliko anavyoonyesha. Akija kutoka wapi? Ikabidi niseme. Columbus, miaka miwili. Mama akaweka kikombe chini.

"Kila mwezi nakuuliza baba watoto hajambo, unasema hajambo."

"Hajambo kweli, Mama. Ila hayupo."

"Basi mwanangu, mimi nimekuficha vidonge, wewe umenificha mume. Nani ameanguka vibaya?"

Nikacheka. Kisha nikalia mbele ya mtoto, jambo ambalo sikulipanga. Nikamweleza yote: duka, Hilliard, woga wangu kwamba ninawakimbia wagonjwa wangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye alikaa kambini miaka minne, mume akiwa upande wa pili wa mpaka, na hajawahi kusikia mtu akimsifu kwa hilo.

Jumatatu, 28 Septemba.

Nimeshusha kipimo. Nimemweleza daktari wetu mkuu kosa langu lilivyokuwa, bila kulipamba. Amesema lingempata yeyote. Haijanisaidia.

Leo kila mwenye dawa ya kudumu nimemuuliza: nyumbani nani mwingine anakunywa hii? Watatu wamecheka kwa aibu. Watatu, siku moja. Mzee mmoja humpa mkewe vidonge vyake sukari ikimpanda. Sasa ndiyo nimejua kuuliza, halafu niondoke? Siwezi. Ninaweza. Sijui.

Ijumaa, 2 Oktoba.

Wakesho amechora familia shuleni. Baba amemchora ndani ya simu, kichwa tu, kwenye kisanduku. Hakuwa na huzuni yoyote, amenionyesha kwa fahari, rangi amezipaka vizuri.

Nimekubali kazi. Nimempigia Baba Wakesho simu nikamwambia. Akalia.

Jumanne, 27 Oktoba.

Nesi mpya ameanza, msichana wa hapa Buffalo, ana moyo. Nimemkalisha na Mama Speransi. Presha mia na thelathini na nne. Nimemwambia asalimiane mpaka mwisho, asiliamini jibu la kwanza, kisha aulize tena akiwa ameketi. Ameandika kwenye daftari. Mama naye akamuuliza, kupitia mkalimani wa simu, kama ameolewa na mume analala wapi. Msichana wa watu akawa mwekundu mpaka masikio, lakini alijibu.

Nimempa Mama mkono wa kwaheri. Ameukataa, akanikumbatia. Ananukia sabuni ya kiwandani. Inaniuma na sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 14 Novemba. Hilliard.

Leo siendi kazini. Wiki ya kwanza imekwisha: makoo, chanjo za mafua, mtoto mmoja aliyejitia ushanga puani. Nawakumbuka watu wangu. Kuna saa pale dukani kazi naiona nyepesi mno, naangalia mikono yangu.

Asubuhi Wakesho amegombana na baba yake. Soksi. Baba anataka avae nzito, kuna baridi. Yeye hataki, zinamwasha. Amepandisha sauti, amemjibu maneno ya haraka haraka, ameubamiza mlango. Baba Wakesho amekuja jikoni uso umemshuka. Anasema mtoto hamtaki tena. Alipokuwa akija Buffalo hawakugombana hata siku moja.

Nimemwambia hakuna mtoto anayegombana na mgeni.

Akachukua mwiko. Kisha akageuza mayai. Wakesho ametoka baada ya nusu saa, miguu mitupu bado. Amekaa mezani bila kumtazama baba yake, akamsogezea sahani amwekee yai.