Changu wa Ndoo ya Bluu

Dar es Salaam, 4 Mei 2024

Shangazi Biubwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila usingizi sina. Tangu Machi simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa rafiki yangu Zuhura akuletee.

Tasnifu yangu ya uzamili imekwisha. Samaki mia nne aina ya changu niliowapima hapo sokoni Bagamoyo wote ni wakubwa, wamefikia umri wa kutaga. Msimamizi wangu anasema takwimu safi namna hii hajaziona pwani nzima. Natetea tarehe 20 Juni.

Najua umenuna kwa ajili ya siku ile niliyokuja na msimamizi wangu. Aliuliza wewe ni nani, nikamjibu, "Mama mmoja, muuza samaki." Shangazi, ile ilikuwa kazi. Ningeanza kumweleza habari za ukoo mbele ya watu walioziba pua? Ungekuwa umesoma ungenielewa.

Mwanao,
Adila

Bagamoyo, 11 Mei 2024

Adila,

Marahaba. Goti bado linauma. Uliposimama mbele yangu hukuliulizia, umekuja kuliulizia kwenye karatasi.

Kwa hiyo changu wetu wote wakubwa. Hongera. Miaka miwili darasani, ubao wa kupimia wenye namba, koti jeupe katikati ya magamba, na hilo ndilo ulilogundua. Mimi mwaka wa ishirini na sita huu nakaanga samaki hapa, na karai hili ndilo lililokulea. Siku kumi na nane ulizokaa mnadani hukusogea hatua thelathini ukaangalia ninachokaanga. Njoo uangalie kabla hujaenda kujishaua mbele ya wakubwa zako. Siongezi neno.

Shangazi yako,
Biubwa

Dar es Salaam, 15 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata.

Sayansi haifanywi kwenye karai. Kila asubuhi nahodha Kombo aliniletea ndoo yake ya bluu, nami nikapima kila kilichomo, sikuacha hata mmoja. Kutazama mafuta yako yakichemka hakutaniongezea kitu. Tutaonana nikishavaa joho.

Adila

Dar es Salaam, 27 Juni 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Goti linaendeleaje? Mimi si mzima.

Wamenirudisha. Mtahini kutoka nje, Profesa Bwanausi, hakufungua hata ukurasa. Alisema juzi yake alipita Bagamoyo akala changu wa kukaanga, watano sahani moja, hakuna aliyezidi kidole chake. Akauliza, "Hawa wako kwenye jedwali gani?" Nimepewa miezi sita nipime upya, la sivyo shahada sipati.

Nani alinificha wale wadogo? Naomba nije nikae kwako. Nisamehe.

Mwanao,
Adila

Bagamoyo, 2 Julai 2024

Adila,

Marahaba. Goti limepona.

Hukufichwa kitu. Asubuhi ya kwanza Kombo aliwaambia mabaharia wake: huyu ni mtoto wa Biubwa, ametoka masomoni, msimwaibishe kwa visamaki vya kukaanga, mchagulieni. Wakakuchagulia wale wakubwa wanaosubiriwa na hoteli, wakakutilia kwenye ndoo ya bluu kwa heshima yangu. Vidogo vilibaki chini ya gunia, vikaja kwangu. Ungemwamkia Kombo tu angekusimulia mwenyewe, maana anajisifia jambo hilo mpaka leo. Siku kumi na nane hukumwamkia.

Yule profesa alikula kwangu. Mtu wa adabu, alinisalimu kabla ya kuvuta kiti. Aliniuliza kama namfahamu msichana aliyekuwa akipima samaki hapa. Nilitaka kumwambia ni mwanangu, nimemlea tangu ana miaka minne, na kwamba kama ana swali amwulize kwa upole. Nikakumbuka. Nikamwambia mimi simjui.

Njoo na ubao wako. Nawasha moto saa kumi na mbili asubuhi, utapima kabla sijatia chumvi. Pa kulala utatafuta nyumba ya wageni, kama wenzako wanaokuja kikazi.

Ni mimi,
mama mmoja, muuza samaki