Kamba ya Jezi ya Darcy

Marlys, nimetoka uwanjani sasa hivi. Nimeaibika, shoga yangu.

Unajua leo walikuwa wanaipandisha darini jezi ya mjukuu wangu, isivaliwe tena na mchezaji yeyote wa timu yao ya mpira wa magongo wa barafuni.

Darcy akashika kipaza sauti, akasema, "Namwomba mama aliyenilea aje kuvuta kamba."

Nikasimama. Marlys, nilisimama! Blanketi likaniangukia miguuni.

Akasema, "Lorna, karibu."

Lorna! Yule ambaye Darcy alikaa nyumbani kwake alipokuwa na miaka kumi na sita, timu ilipomchukua mbali na kwetu. Misimu miwili tu ya kumpikia tambi! Nani alimfunga viatu vya kutelezea barafuni tangu ana miaka minne, vidole vikifa ganzi?

Na mimi bado nimesimama, uwanja mzima unanitazama. Nikajifanya natafuta glavu.

Lorna akafika katikati ya barafu, akaniona. Ana moyo mwema yule mwanamke, hilo ndilo linaloniudhi. Akapaza sauti, "Bibi Stefania, unasubiri kadi ya mwaliko? Kamba ziko mbili!"

Darcy akaja mbio kunishika mkono. "Bibi, nilihofia magoti yako kwenye barafu."

"Magoti yangu yalikulea, mjinga wee."

Basi nikavuta. Lorna akavuta polepole ili twende sawa, na mimi nikazidi kuvuta.

Ukienda kesho, tazama juu. Jezi imepinda, upande wangu uko juu. Wakileta ngazi, waambie wasiiguse.