Jina Lako Kwenye Sinia la Maskati

Maskati, Jumamosi asubuhi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nakuuliza goti lako. Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshaigawa kwa majirani? Na kaka Hamadi anakupikia cha maana, au ni muhogo wa kuchemsha asubuhi na jioni? Mimi mzima, alhamdulillahi, na nimenenepa mpaka gauni langu la Idi halifungi tena.

Naanza na chakula kwa sababu ndicho utakachouliza. Siku ya kwanza niliaibika. Huku kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo vya finjani, na ukitosheka husemi kitu, unakitikisa kikombe basi. Mimi nani kaniambia? Kila nikimaliza narudisha kikombe kama tunavyofanya kwetu, na mama mkwe wa Nasra anajaza. Nikaona kukataa ni kukosa adabu, nikanywa. Kikombe cha tisa Nasra akashindwa kuvumilia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Huyu Nasra ndiye binti wa Mama Mkubwa Zuwena, yule aliyenitumia tiketi. Ana roho nzuri, lakini kwa kucheka watu hajambo.

Juzi wakwe zake walitupeleka kijijini kwao tukala shuwa. Nyama ya mbuzi inapakwa viungo, inafungwa majani, inafukiwa kwenye shimo la moto siku nzima na usiku wake. Ikifukuliwa huhitaji kisu, unaigusa tu inaachia mfupa. Nilipoonja nikasikia karafuu. Nikawaambia, "Hii yetu hii!" Wakacheka, lakini mzee mmoja akakubali, akasema karafuu ya Pemba haina mwenzake. Nilivimba kichwa kama vile mikarafuu yote ya kisiwa ni ya kwetu. Halua yao nzuri pia, ila ya Wete laini zaidi. Hilo sijawaambia, bado nala kwao.

Sasa kaa vizuri, Baba, maana nina jambo la kuungama.

Pale bandarini Mkoani uliniambia, "Ukifika kule mimi usinitaje. Taja ukoo wa mama yako, utakaa kwa raha." Nilijua kwa nini. Mama Mkubwa hakutaka mdogo wake aolewe nawe, kwa kuwa wazazi wako walikuja kutoka bara kuchuma karafuu, naye akaona ukoo wao si wa kuchanganyika na watu kama hao. Mlipooana, baada ya Mapinduzi, yeye akaja zake huku. Mpaka mama anafariki, hakuna barua ya Mama Mkubwa hata moja iliyokutaja kwa jina.

Mimi alinipokea kwa machozi. Ananilisha, ananichana nywele kama mtoto, na Kipemba chake hakijapotea hata kidogo. Lakini kila akinitambulisha kwa watu anasema, "Huyu mwana wa mdogo wangu," kisha anahamia mazungumzo mengine. Siku tisa nimekaa humu kama nimezaliwa na mama peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nilikuahidi, lakini iliniuma sana.

Jana Ijumaa, baada ya sala, walialikwa kina mama sita, wote asili yao Pemba. Mama Mkubwa akaniomba nipike cha nyumbani. Nikatoa wale pweza uliowakausha wewe, nikawachemsha, nikawaponda. Nasra akaniletea nazi ya kopo, nikamwambia hiyo airudishe kabatini. Mama Mkubwa anayo mbuzi ya kukunia aliyoondoka nayo Pemba miaka yote hiyo, na mimi nilikuja na nazi mbili kwenye sanduku. Nikakaa nikakuna, wakwe wa Nasra wamenizunguka wakitazama.

Sinia la wali na mchuzi wa pweza lilipowekwa chini, wote wakalivamia. Mikono tu. Halafu Bi Rukia, mwenyeji wa Wete na mkongwe kuliko wote, akalamba vidole akanitazama.

"Pweza huyu kakaushwa na mtu anojua kazi. Weye mwana wa nani?"

Mama Mkubwa akawahi. "Mwana wa mdogo wangu, marehemu."

"Hilo nshasikia. Miye namuuliza babaake."

Nikaona mkono wa Mama Mkubwa umesimama juu ya wali. Baba, nisamehe, nimekuasi. Nilisema, tena kwa sauti: "Miye Riziki binti Songoro, wa Mtambile. Baba yangu mkulima na mchuma karafuu, na pweza huyu kamkausha yeye. Mama alipolala kitandani miaka miwili, baba ndiye aliyemuogesha, akamfulia, akamlisha kwa mkono wake. Hakumwachia mtu."

Uso sikuinamisha. Sijapata kuona fahari kama niliyoiona kulitamka jina lako mbele ya wale watu.

Bi Rukia akasema, "Basi umelelewa," akachota tena. Mama Mkubwa akainuka, akaenda kunawa, hakurudi.

Baada ya magharibi nilimkuta jikoni, peke yake, anakomba mchuzi uliobaki kwa kipande cha mkate. Hakunitazama.

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili, Mama Mkubwa."

"Mbona hamkunambia?"

"Mama alikataa. Alisema utakuja kugombana tu."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mdogo wangu kanijua," akasema. "Miye wa tumbo moja n'kaletewa habari ya kifo tu. N'liyemkataa ndiye kamuuguza." Nikamshika bega.

Barua hii anakuja nayo mama mmoja wa Chake Chake anayeondoka kesho, pamoja na halua na tende. Nisalimie kaka Hamadi, na wifi yangu mkewe, mwambie kitambaa chake nimekipata. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni aniombee dua, na jirani yetu Bi Time anayekuletea maziwa. Tende mgawie na yeye, usizile peke yako.

Nilikuwa nakaribia kufunga bahasha, Mama Mkubwa akaja akasimama nyuma yangu. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, "Baba." Akasema na yeye ana salamu. Nikamuuliza niandike vipi. Akafikiri sana, akavuta kiti, akaniambia nimpe kalamu aandike mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Riziki binti Songoro

*Shemegi Songoro, assalaam aleikum. Ni mimi Zuwena, dada wa mkeo. Pweza nimemla, na mwanao nimemsikia. Nimekukosea, nisamehe. Mungu akinijaalia nitakuja Mtambile, unipeleke kwenye kaburi la mdogo wangu. Sitaki kupelekwa na mtu mwingine.*